Nilivyomwogesha Bosi Dawa ya Ng'ombe

Jamani, nacheka sasa, lakini siku ile pale kwetu Dongobesh nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na ni mimi mwenyewe niliyejichongea.

Tulitangaziwa kanisani kwamba daktari wa mifugo anakuja kufundisha bure utunzaji wa mbwa na paka, kila mtu aje na mnyama wake, basi asubuhi hiyo, ukungu bado umelala juu ya mahindi, namtazama Bosi, mbwa wetu (mama mkwe anampenda kuliko sisi wote), naona viroboto wanamtembea tu, nikasema aka, siendi naye hivi mbele za watu. Nikachukua dawa ya kupe iliyobaki tulipoogesha ng'ombe joshoni, nikakoroga vilevile kama ya ng'ombe, nikamwogesha mpaka masikioni. Aling'aa huyo!

Pale ofisi ya kata kwenye mafunzo, mama mkwe kando yangu, jua lilikuwa tamu, daktari ana sauti ya kubembeleza, nami nikazama kwenye ndoto macho wazi: daktari anamsifu Bosi, watu wanapiga makofi, mama mkwe anajifuta machozi kwa kanga, mawingu yanapita taratibu...

"Mama, huyu umemwogesha nini?"

Nikazinduka. Bosi anatokwa udenda, miguu inamtetemeka, na mama mkwe ananitazama. Mdomo wangu (huu huu) ukasema, "Sabuni ya mche tu, daktari."

"Basi atakuwa amekula sumu. Nani jirani yenu anatega panya?"

Macho yote yakamgeukia mzee mmoja jirani yetu, naye akasimama anaapa hajawahi kuweka sumu, watu wanaguna, na mimi kimya. Kisha Bosi akaanguka.

"Ni dawa ya ng'ombe!" nikapiga kelele nalia. "Nimemwogesha mimi!"

Daktari akaagiza maji mengi na sabuni, tukamsugua, hata yule mzee akainama kusaidia, kisha Bosi akachomwa sindano. Mama mkwe alimpakata kichwa. Tukakaa hivyo mchana kutwa, kama tuko usingizini, mpaka Bosi akatikisa mkia.

"Shikamoo baba, nisamehe," nikamwambia mzee.

"Marahaba, Mama Josho," akajibu, uwanja mzima ukacheka, na jina hilo ninalo mpaka leo.

Nimeapa, dawa ya ng'ombe ni ya ng'ombe, na daktari akiniuliza, nasema kweli hapohapo. Bosi ni mzima, ila nikishika ndoo tu anakimbilia kwa mama mkwe, naye ananiuliza kwa upole kabisa, "Sabuni ya mche, mwanangu?"