Transport hadi Rutshuru

Nilipomaliza chuo nilikuwa na diploma moja, suti ya kuazima, na tabia ya kuogopa mambo kabla hayajatokea. Wenzangu wa kamati ya wanafunzi waliona kwamba hiyo tabia inaweza kuwafaa. Wakanipa kazi ya kutunga bajeti.

Walitaka kuandamana kupinga bei ya maji katika kambi moja hapa Goma, ya watu waliokimbia vita kwao Rutshuru. Nikapiga hesabu: kitambaa cha kuandikia, megafoni, kisha pesa za kuwatoa wenzetu kashoni polisi wakiwafunga. Huo mstari wa tatu ulimeza ile miwili.

"Basi tufanye teatri," akasema rais wa kamati.

Hivyo ndivyo harakati zetu zilivyogeuka sanaa. Hatukuongozwa na imani yoyote, tulijumlisha tu.

Mchezo wenyewe ulihusu mheshimiwa anayewapa watu transport ili waje kumpigia makofi. Neno hilo Goma halihitaji maelezo: ukiitwa mkutanoni unapewa transport, pesa ya nauli, hata kama unaishi mlango wa pili. Niliandika wanajeshi watatu, bajeti ikabakiza mmoja, awe anabadilisha kofia. Kiti cha mheshimiwa kilikuwa mifuko ya saruji, kwa kuwa mfadhili wetu alikuwa muzee wa Butembo mwenye duka la saruji mtaani Birere, naye alitaka mifuko yake ionekane, maandishi yakiwaelekea watu.

Muzee alisoma bajeti yangu akiwa na kalamu yake, bic nyekundu, mkononi.

"Hii imprévus ni nini?"

"Ni ya mambo yasiyojulikana, Papa. Mvua, mabomu, barabara kufungwa, muigizaji kuharisha..."

"Kama umeshayaandika, yanajulikana." Akaufuta mstari. "Sikia, mwana yangu. Karani wangu ameoa, amehamia Beni. Ukimaliza huu mchezo bila kurudi kuniomba hata franga moja, siku ya kwanza, Jumatatu, unaanza kazi hapa."

Kazi! Nilikuwa nimeitafuta miezi minane, hata mama alikuwa ameacha kuniuliza.

Jumamosi tukacheza kambini, juu ya mawe meusi ya volkano. Watu walicheka mno. Mheshimiwa alipoporomoka kutoka kwenye saruji, watoto walipiga kelele hadi mwanajeshi wetu akasahau amevaa kofia gani. Kisha mchezo ukaisha, na hakuna aliyeondoka. Wamama wakabaki wamekaa, mikono mapajani, wakinitazama.

Nikaelewa wanangoja nini. Transport! Tumewachekesha saa nzima kuhusu transport, na mimi mwenye kuandika hata kuharisha sikuiandika. Mfukoni nilikuwa na pesa za chapati za waigizaji tu. Nikaiona kazi yangu ikiteremka kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, mbio, bila breki.

Nikasimama mbele yao. "Wamama, mutusamehe. Kwa upande wa transport..."

"Transport ya kwenda wapi, mutoto yangu?" akanikata mama mmoja wa mstari wa mbele, mwenye kitenge cha kijani. "Mahema yetu si ndiyo haya? Sisi tunangojea ule muheshimiwa aanguke tena."

Wakacheka. Kabla sijapumua, akakinyooshea kidole kidaftari changu.

"Lakini kama wewe ndiye unaandikaka, andika transport ya kuturudisha kwetu Rutshuru. Iko mu bajeti?"

Hapo walicheka kuliko walivyoucheka mchezo. Nami nikacheka, nimechelewa, huku mkono wangu ukiwa umeshaandika.

Jumapili nzima, hata wakati wa misa, nilijiuliza: mstari ule ni ripoti au ni ombi? Kama ni ombi, nimerudi kuomba. Nikiufuta, nimedanganya. Nikauacha ulivyo, bila kiasi.

Jumatatu asubuhi muzee alisoma ripoti, bic ikiteremka mstari kwa mstari. Saruji: imerudi yote. Chapati: sawa. Kisha ikasimama.

"Transport, watu wote, hadi Rutshuru. Kiasi gani?"

"Sijui, Papa. Siyo kwamba naomba, ni mama mmoja alisema, na mimi..."

"Nyamaza kidogo."

Malori yake yalikuwa yakipita njia hiyo kila wiki, kabla vita haijaifunga. Bic ilikaa juu ya mstari muda mrefu, mpaka ikaacha nukta nyekundu kwenye karatasi. Halafu akaipachika nyuma ya sikio.

"Hapa kazi inaanza saa mbili," akasema. "Sasa ni saa mbili na robo."