Maswali Kabla ya Kujenga

Ipo siku moja ya ujana wangu iliyonirudia jana, mwanangu, nilipokaa nyuma yako ukianzisha mradi wa tovuti ya wakulima wa mpunga wa Madibira. Uliandika amri moja tu kwenye kompyuta, programu ya kusakinisha ikaanza kukuuliza: mradi uitweje, uandikwe kwa lugha gani, data zihifadhiwe wapi. Wewe ukabonyeza Enter, Enter, Enter, ukikubali kila ilichopendekeza.

Nikamkumbuka mama yangu.

Ilikuwa miaka ya sabini, tumehamia kijiji kipya karibu na Mafinga. Fundi Mgaya alikuwa na mbao zilizokatwa tayari kwa ramani moja, kwa hiyo nyumba angeisimamisha upesi. Lakini kwanza aliuliza maswali. Mlango utazame wapi? Madirisha mangapi? Mama, kwa haya ya ugeni, alijibu kila mara, "Kama kawaida tu, fundi."

"Na jiko?"

"Kama kawaida. Humo ndani."

Fundi akachomeka penseli sikioni. "Mama, huyo Kawaida ndiye atakayelala humu? Maana tangu asubuhi yeye ndiye anayejibu."

Mimi nilicheka. Mama hakucheka. Akasema polepole, "Nina binti ana kifafa. Akianguka karibu na moto, sijui itakuwaje."

"Haya, sasa umeanza kunijibu," fundi akasema kwa upole. Akatujengea jiko la nje, mlango wake ukiwa na komeo juu, mahali mtoto asipofika. Mbao nyingine zote zilibaki zilezile.

Binti huyo ni shangazi yako Tumaini. Alianguka mara nyingi utotoni, lakini kwenye moto hakuanguka hata mara moja. Kila nimwonapo akicheka na wajukuu zake, namshukuru fundi yule.

Programu yako ni kitu kizuri, na walioitengeneza nawashukuru pia; wamekupunguzia kazi ya siku nzima. Mengi inayopendekeza yanafaa, yaache. Ila soma kila swali, umfikirie mkulima mwenye simu ndogo na mtandao wa kusuasua, ndipo ujibu. Usilolielewa, simama uulize. Kubadili jibu leo ni kuandika neno moja. Kulibadili watu wakishaingia ni kubomoa ukuta wakiwa ndani.

Mungu aibariki mikono yako, akupe subira, na watakaotumia kazi yako wakutaje kwa shukrani hata wasipokujua.