Kahawa Isiyowekwa Mezani

Nakumbuka asubuhi za mtaa wa Evere, mwanangu, miaka ile ya tisini, nilipokuwa mwanafunzi Brussels na kichwa changu kigumu kuliko sasa. Nawe unajua sasa kilivyo.

Tuliishi ghorofa ya tatu, mimi na kaka yangu Deo. Baba yetu alifariki Bukoba katikati ya mitihani yangu. Deo alipigiwa simu, akanificha habari hiyo siku tisa mpaka nikamaliza karatasi ya mwisho. Aliponiambia, baba alikuwa ameshazikwa. Alidhani ananisaidia. Mimi niliona ameninyima kumlilia baba yangu pamoja na wenzangu, nikaacha kusema naye.

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alipika kahawa, akaniwekea kikombe mezani. Nami nilikichukua nikakimwaga kwenye sinki, yeye akiona. Kwetu Bukoba kahawa ya mkononi mwa mtu haikataliwi. Mgeni akipewa zile buni za kutafuna huzipokea hata kama hazipendi, maana kuzikataa ni kumkataa aliyezitoa. Nililijua hilo vizuri, na ndiyo sababu nilimwaga.

Jumapili moja Papa Bahati, jirani wa ghorofa ya chini, Mkongo wa Kivu aliyewahi kulima kahawa kwao, aliniita nitazame televisheni. Walionyesha wanaanga katika chombo chao kinachozunguka dunia, wakitengeneza kahawa. Yenyewe ilikuwa unga ndani ya kifuko kilichofungwa. Mmoja akakichomeka kwenye bomba la maji ya moto, akakiminyaminya kwa vidole, akatia mrija. Tone likachomoka, likawa duara dogo la kahawia, likaelea hewani mpaka mwenzake akalifuata kwa mdomo na kulimeza. Nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha yule wa kwanza akanywa kidogo, akakiachia kifuko. Kikaenda taratibu, mwenzake akanyoosha mkono akakipokea.

Papa Bahati hakucheka.

“Unaona, Koku? Kule hakuna meza ya kuweka kikombe. Donc, basi, mwenzako akikutumia, lazima upokee. Usipopokea, inapita tu, inaenda kujigonga kwa ukuta. Na ule muntu mwenye alikutumia atakwenda wapi? Mulango hakuna.”

Akanigeukia.

“Kaka yako alikuya hapa jana,” akasema. “Aliniuliza kama kahawa yake iko mubaya. Muntu mukubwa, alilia hapa, kwa hii kiti. Mutoto wangu, yeye pia alifiwa na baba. Siku tisa alilia peke yake, sababu wewe usisikie.”

Aibu iliyonishika sijaisahau. Siku zile tisa nilizihesabu kama zangu tu, nilizoibiwa. Sikuwahi kumwona Deo ndani ya siku hizo, akinipikia, akiniuliza mtihani ulikuwaje, na huku anajua baba yuko ardhini.

Kesho yake niliamka kabla yake nikapika kahawa. Sikuiweka mezani. Nilisimama mlangoni kwake na kikombe kikiniunguza vidole, mpaka akafungua. Alikitazama, akanitazama, akakipokea kwa mikono miwili kama baba alivyotufundisha. Akanywa funda moja.

“Umesahau sukari,” akasema.

Tukalia palepale mlangoni, msiba wetu sote wawili, mpaka akachelewa kazini.

Mwanangu, nimekuita kwa sababu naona wewe na dada yako mnapishana humu ndani kama wapangaji. Sisemi kwamba hakukukosea. Deo naye alikosea, na nilimwambia hivyo baadaye, kila mtu na kikombe chake mkononi. Ninachokuambia ni hiki: mtu akikunyooshea mkono, usitazame pembeni. Pokea kwanza, maneno utayasema baadaye, tena utayasema vizuri zaidi. Mimi nilimwaga vikombe vingi. Sasa Deo amelala kando ya baba, na hakuna hata kimoja ninachoweza kukirudisha.

Mungu akujalie mikono isiyochoka kutoa wala kuona haya kupokea, na nyumba yako isikose mtu wa kukuamkia na kikombe. Haya, nenda jikoni. Dada yako amepika kahawa, na nimemsikia akitoa vikombe viwili.