Hodi Kwenye Magofu

Juzi, kwenye dirisha la tikiti la stesheni ya Tororo, mama mmoja wa Mukuju alisema anapanda gari la moshi kwenda Mombasa kuona misikiti na nyumba za kale. Karani akamwonya:

"Msikitini vua kiatu, mama, na kichwa funika. Kwa magofu, piga hodi kwanza."

"Hodi? Kwani kuna mtu?"

"Hakuna. Lakini ilikuwa nyumba ya watu. Unangoja kidogo, halafu unaingia."

Foleni nzima tulicheka. Wasafiri wenzangu, msiudharau ushauri huo.

Jioni nilifika kwangu, ufunguo mkononi. Tangu tumzike mke wangu kule Kiyeyi, huwa naingia kimya kama mwizi. Nikapiga hodi. Nikangoja kidogo, halafu nikaingia.