Maini ya Mbwa Mzee

Mbwa wetu alizeeka vibaya. Fisi walimng'oa sikio akilinda mbuzi wetu nje ya Garissa, watu wakamvunja mguu kwa mawe, na meno yakaisha yenyewe. Mume wangu akasema tummalize kwa rungu. Nikamwambia akithubutu, rungu hilohilo litageukia kichwa chake. Wallahi sikuwa natania.

Kwa miaka kumi na miwili sikuwahi kumshika. Mate ya mbwa ni najisi. Yakikupata unaosha mara saba, moja kwa udongo. Lakini nilimtandikia gunia kivulini, nikamlowekea anjera, mkate wetu laini, kwenye maziwa, nikamsukumia sahani kwa fimbo.

Asubuhi moja tukamkuta mbuzi wangu mwenye mimba kapasuliwa tumbo zizini, utumbo umetapakaa hadi kwenye miiba. Mbwa alikuwa amelala palepale, hasikii tena kwa uzee. Mume wangu akampiga teke la mbavu hadi akalia. Nikamrushia mume wangu sufuria, ikampata begani. Nikachukua mitungi nikaenda zangu mtoni.

Mnyama asiyechinjwa sisi hatuli. Mzoga ni wa mbwa, kila mtu kwetu anajua. Niliporudi nikatoa maini, nikayakatakata mpaka yakawa kama uji, kwa ajili ya zile fizi zake. Alikula akitikisa mkia, maskini.

Hakumaliza. Alianguka, miguu ikachapa mchanga, povu la damu likamtoka. Mume wangu akaja mbio.

"Umempa nini?"

"Maini ya yule mbuzi."

Akashika kichwa. "Yaa Rabbi! Nimeumwagia mzoga dawa ya kupe, fisi akirudi afe!"

"Na ukanyamaza!"

Nilipanua mdomo wa mbwa kwa mikono yangu miwili, nikamimina maziwa, nikaingiza vidole hadi kooni atapike. Ulimi wake ulikuwa wa moto. Alinitazama, akakakamaa, akafa mapajani mwangu.

Mume wangu akaleta birika na udongo kwenye kiganja. "Osha mikono," akasema taratibu.

Nikamzaba kofi la uso kwa mkono uleule, mate na povu vyote. Kisha la pili.

Hakunirudishia. Alichutama, akainamisha birika, akaanza kuosha uso wake, akihesabu kwa sauti. Alipofika mara ya nne akaanza kulia.