Nani Anamlisha Samaki

Wanaume wengine waliopunguzwa kazi huko Mtwara walirudi Songea na baiskeli, mabati au cherehani. Mume wangu alirudi na tangi la kioo, mawe ya baharini na samaki mmoja wa manjano mwenye milia myeusi. Nilimtazama usoni nikihisi kuna jambo ananificha, maana mtu mzima hapiti barabara ile ya Tunduru na samaki hai mapajani bila sababu. Akasema ni kwa ajili ya mgahawa. Enzi hizo za ruksa, biashara zilipofunguliwa, nusu ya mtaa wetu wa Majengo ilikuwa imefungua migahawa, na wote tulipika ugali uleule na maharage yaleyale. Sisi tungekuwa na samaki wa bahari.

Sikupenda kukiri, lakini alikuwa na akili. Jina tuliloandika mlangoni hakuna aliyelitaja. Watu walisema tu twende kwa samaki. Waliokuja mjini kwa shughuli za ofisini waliingia kumwona, wakaagiza chai, wakaona aibu kuondoka bila kula. Samaki yule ndiye aliyetuweka mjini.

Kisha tangi likaanza kuota kijani. Kwanza utando mwembamba juu ya mawe, halafu nyuzi laini, mwisho kioo chote kikafunikwa na wateja wakawa wanauliza kama samaki bado yupo. Mume wangu aliuita mwani, kama watu wa pwani. Mimi niliuita ukoga, na ndiyo maana niliusugua kwa mswaki. Tulitoa mawe, tukayasugua, tukayarudisha, na haukupita muda yakaota tena. Samaki akawa anakaa juu juu ya maji, akihema. Akifa, mgahawa wetu ungekuwa kama migahawa ya wengine, na ya wengine ilikuwa inafungwa.

Mimi si mtu wa kuamini upesi, na miaka ile ilinipa sababu. Tulishauziwa betri zilizokufa zingali kwenye karatasi zake, na sabuni isiyojua povu. Kwa hiyo nilianza na dereva wa lori aliyetuletea maji ya bahari kwa madumu. Nini kingemzuia kujaza mtoni na kutia chumvi ya dukani? Alipofika nilifungua dumu mbele yake, nikachovya kidole, nikaonja. Alikuwa mtu wa Tunduru, mpole, mwenye kofia safi, na niliona ameumia. Akaapa Wallahi kwamba aliyachota kwa mkono wake. Maji yalikuwa na ile chumvi chungu isiyoigika, lakini nilionja na dumu la pili.

Nikahamia kwa jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye meza zake zilikuwa tupu tangu tupate samaki. Alikuwa na tabia ya kuja kutusalimia na kusimama palepale kwenye tangi. Nilimsindikiza mlangoni kila alipokuja, macho yangu yakiwa kwenye mikono yake.

Mume wangu alisema mwani unaishi kwa mwanga na makombo. Tangi tulishaliondoa dirishani. Makombo hatukujua yanatoka wapi, kwani yeye peke yake ndiye aliyemlisha, kidogo tu, asubuhi.

"Kuna mtu anamlisha," alisema.

Mtu aliyenijia kichwani sikumtaja, kwa sababu alikuwa mama yake. Mama mkwe alikuwa mjane, na kila mchana alikuja kwa miguu kutoka Ruhuwiko kula kwetu, mlo wake pekee aliokula na watu. Hakuwahi kuficha kwamba angependa mwanawe aache biashara arudi kulima. Na siku zote alichagua kiti kinachotazamana na samaki. Nikaunganisha mambo. Mgahawa ukifa, mwanawe anarudi shamba, na mimi nyuma yake na jembe.

Siku moja nilisimama nyuma ya pazia la jikoni. Mama mkwe alinawa, akafanya ishara ya msalaba, akamega tonge. Kabla ya kulitia mdomoni alitazama huku na huku, akakata kipande, akakidondosha majini. Nikatoka. Watu walikuwa wanakula, nami sikupunguza sauti. Nilimwuliza kama anataka kutuulia samaki.

Tonge lilikuwa bado mkononi mwake. "Ananitazama nikila, mwanangu," alisema. "Nitamezaje?"

Niliona ni ujanja. Akanawa, akaacha chakula chake, akaaga vizuri, na kesho yake hakuja. Wala keshokutwa. Mume wangu hakunigombeza, jambo lililonitia wasiwasi zaidi. Kioo kikaanza kung'aa. Nilikuwa nimepatia, na niliona fahari.

Kisha mchana mmoja, wateja wameshaondoka, nilikaa na sahani yangu kwenye kiti kile kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Nilikuwa na njaa. Nikamega, nikainua mkono, na samaki akaja mpaka kwenye kioo, akasimama mbele yangu, anafungua mdomo na kuufunga. Niligeuza uso. Nilipourudisha alikuwepo. Nimelelewa humuhumu Songea. Mtu akikukuta unakula unamkaribisha, hata kama chakula hakitoshi mmoja. Nikakumbuka jinsi wateja wetu, wakishamwona samaki, walivyopenda kukaa wakiwa wamempa kisogo. Nikalirudisha tonge sahanini. Nilitoa khanga begani, nikalifunika tangi lote, nikala, nikaondoka kwenda Ruhuwiko.

Nilimkuta mama mkwe anachambua maharage mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinuka. Nikamwambia samaki sasa atafunikwa saa za kula, kwa hiyo aje, kiti chake kipo.

Alinitazama kama mimi nilivyomtazama dereva wa Tunduru.

"Mmemfunika," alisema. "Na yeye amekula?"

Nikasema amekula. Hakuniamini. Akaweka ungo chini, akaingia ndani kuchukua kitenge, akatoka tukafuatana, aende akaone mwenyewe.