Niliyembeba vitani anataka kunishukuru mbele ya mke wangu

Admin, nisitiri jina, na jengo ninalolinda usilitaje. Mimi ni mwanaume wa miaka 36, Mkongomani wa Kivu Kusini, naishi Hillbrow, hapa Johannesburg, na mke na binti mmoja. Msinicheke.

Kanisa letu halishiki silaha, tangu enzi za babu zetu. Hata hapa mabosi walitaka kunipa bunduki na mshahara mzuri, nikakataa, nikabaki mlangoni naandikisha wageni kwenye daftari. Kule nyumbani wapiganaji walipokusanya vijana wa kwetu, nilimwambia mkubwa wao, "Niueni, bunduki sishiki." Akanitazama weee, akasema, "Basi utabeba majeruhi wetu. Ukitoroka, tunamalizana na mama yako." Miezi minane nikabeba machela. Niliowabeba walipona wakarudi kupigana.

Hapa Joburg nilisimulia nusu tu, kwamba nilikataa bunduki. Mchungaji akanifanya mfano kwa vijana, na mke wangu alinipendea hilohilo. Kumbe kaka yake aliuawa na kundi lilelile, kijiji chao kilipovamiwa. Aliponihadithia tulikuwa tumeshachumbiana. Alipotaja kijiji, moyo ulinipasuka, maana siku ile nilikuwa chini mtoni na machela, nasubiri majeruhi wao. Nikanyamaza. Woga, jamani, woga tu.

Sasa Jumatatu mgeni mmoja anayechechemea akaja mlangoni kuandika jina. Akanikodolea macho.

"Wewe si yule wa machela? Yule mtu wa dini aliyekataa bunduki?"

Nikamwambia amenifananisha. Akacheka, akapandisha kaptula kunionyesha kovu la paja. "Ndugu yangu, ulinibeba kutwa nzima kwenye matope! Sasa nimeokoka. Unasali wapi? Jumapili nakuja kutoa ushuhuda, na wewe usimame watu wakuone."

Kovu lile nalijua, jeraha nililifunga mimi kwa kitenge. Siku ile ya jeraha alikuwa anatoka kuvamia kijiji cha kina mke wangu.

Nilimsihi aache. Akadhani ni unyenyekevu! "Ndiyo maana Mungu alikutumia," akasema. Kanisa akaliulizia kwa Wakongomani wenzetu, jana akampigia mchungaji, mchungaji akampigia mke wangu. Nimerudi kazini namkuta anapiga pasi suruali yangu, anaimba.

"Baba Neema, mbona hukuniambia uliokoa mtu? Nimemwalika aje kula kwetu baada ya ibada."

Eish! Nilikaa kitandani, hata viatu sikuvua. Tangu hapo simu ikiita nashtuka, kishindo kwenye ngazi nadhani ni yeye. Sili, silali. Nikimwambia mke wangu ukweli, ataondoka na mtoto. Nisipomwambia, atampikia mtu huyo fufu kwa mikono yake mwenyewe, kisha aje asikie jina la kijiji chao pale mezani. Sijui kama ni yeye aliyemuua shemeji yangu. Sijamuuliza, naogopa atanijibu.

Leo ni Ijumaa. Msiniambie niombe, nimeomba mpaka sauti imekauka. Nishaurini, hasa nyie kina mama: mke wangu ananitazama kwa fahari, hajui lolote, nianze na neno gani?